Bomba la Mtaa wa Nucilor

Bi Aspasia ndiye aliyelalamika kwanza:
chai yake ilikuwa na ladha ya kiberiti cha gesi.
Kampuni ya maji ikamjibu kwa barua, na barua juu ya barua,
hata alipowapelekea chupa mezani akawaambia, "Kunyweni,"
ndipo wakachimba.

Ploiești ni mji wa mafuta, na ardhi yake haisahau.
Kando ya reli ya zamani, mabehewa ya petroli
yaliposimama yakidondoka tone kwa tone,
udongo ni mweusi; ukiufinya unanuka karakana.
Humo bomba lililala miaka kumi na tisa,
maji yakipita ndani, petroli ikingoja nje,
na baina yao ukuta wa plastiki
usiozidi unene wa kidole cha mtoto.

Kwa macho halina kosa.
Jeusi, mistari ya buluu, hata tarehe ya kiwanda yasomeka.
Chuma kingeota kutu, kingekiri.
Plastiki haikiri. Plastiki hukaribisha.

Kazi yangu mimi ni kukata.
Nakata vipande vyenye umbo la mfupa,
vipana nchani, vyembamba kiunoni,
navibana kwenye taya za mashine,
nayo huvuta, polepole, bila chuki.

Bomba jipya la ghalani lilishindana:
megapaskali ishirini na mbili kabla kiuno hakijalegea.
La Nucilor: kumi na saba.
Nikarudia. Kumi na saba.
Nikamwita Haralambie, akatazama, akavua miwani.
"Kumi na sita na nusu," akasema, "tukiwa wakweli."

Tukatumbukiza vipande vipya katika toluini,
siku ishirini na nane, vifuniko vimekazwa.
Kila asubuhi natoa, nafuta, napima.
Vinanenepa. Siku ya kwanza sana, ya pili kiasi,
mpaka vikashiba:
sehemu nane kwa mia ya uzito ni mgeni.

Hakuna kilichoyeyuka. Hapo ndipo watu hukosea.
Wanadhani kiyeyushi ni moto, au meno.
Hakitafuni. Huingia kati ya nyuzi ndefu zilizokumbatiana
na kuziambia: sogeeni kidogo.
Zinasogea, kwa adabu.
Na waliosogea hivyo, siku ya kuvutwa huteleza,
kila mmoja akimwachia mwenzake.

Baba yangu, Toader, alipaka rangi mabehewa yale yale.
Jioni alinawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni,
kisha akanishika shavu.
Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo;
lakini mimi nimeona kikavu kikiurudia ubichi.

Vipande kumi niliviacha dirishani wiki sita, mgeni atoke.
Uzito ukarudi. Nguvu nayo, karibu yote:
ishirini na moja na ushei.
Haralambie akapiga meza. "Vimepona!"
Vya Nucilor vilikauka pembeni yao, jua lile lile,
vikaishia kumi na tisa.
Akaacha kupiga meza.

Ripoti yangu ni kurasa mbili.
Ng'oeni lote, kuanzia relini hadi nyumba ya Bi Aspasia.
Wekeni lenye tabaka la alumini.
Mkurugenzi akapiga simu: je, la zamani lingevumilia kwa muda gani?
Shinikizo la kawaida, nikamwambia, miaka.
Akashusha pumzi.
Lakini siku lori litakapopita juu,
au baridi ya Januari itakapoisukuma ardhi, sijui.
Na maji, je, nani anayanywa hiyo miaka?

Nyumbani nikanawa kwa sabuni, mara mbili.
Baba alikuwa jikoni anapambana na kopo la zeituni,
vidole vikiteleza kwenye kifuniko.
Nikalichukua, nikalifungua.
Hakusema kitu.
Alisogea kidogo kwenye benchi, nikakaa.